Tembo wa Plastiki na Kopo la Rangi

Mwezi huu tunazungumza juu ya kitu ambacho baadhi yenu mtashangaa kukikuta katika ukurasa wa afya ya nyumbani: wanyama wa plastiki. Hatusemi wale wa mtoto mchanga wa kung'ata. Tunasema wale simba, tembo, ngamia na mijusi mikubwa ya kale wanaouzwa kwa mfuko mmoja mzima kwa bei ya chini. Kijana wako wa miaka 12 au 13, uliyedhani amekwisha kuacha michezo ya kitoto, amewarudia ghafla na anawapaka rangi upya, mmoja mmoja, kwa brashi nyembamba kama unyasi.

Ukimwuliza ni nini, atakuambia ni jeshi.

Kwa mama ambaye hajauona mchezo huu, tueleze. Wachezaji wawili au zaidi hutandika kitambaa cha rangi ya majani au ya udongo juu ya meza, huweka vitabu chini yake viwe vilima, kisha kila mmoja hupanga askari wake wadogo. Hakuna kurusha vitu wala kupiga kelele za bunduki. Askari husogezwa kwa kupimwa na rula, na panapokuwa na mapambano dadu hurushwa, na kitabu cha kanuni hufunguliwa ili ijulikane nani amerudi nyuma. Pambano moja laweza kumaliza mchana mzima. Mchezo huu umeshika mizizi hasa Ulaya na Marekani, ambako yako maduka yasiyouza kitu kingine, na sanamu moja ya joka au ya tembo wa vita yaweza kugharimu fedha za viatu vya shule. Ndiyo maana wachezaji wenye mifuko myepesi wamezoea tangu zamani kununua wanyama wa plastiki wa watoto, kuwapaka rangi upya, na kuwapeleka vitani.

Wala wenye fedha wasiwacheke. Mchezo maarufu kuliko yote wa jamii hii uliokota wanyama wake katika mfuko wa namna hiyohiyo. Katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani, aliishi bwana mmoja aitwaye Gary Gygax. Mwaka 1970 alipoteza kazi yake katika kampuni ya bima, akawa anatengeneza viatu nyumbani, naye ana watoto watano wa kulisha. Muda wake wa mapumziko wote ulikwenda kwenye vita vya mezani. Inasimuliwa kwamba miaka ya nyuma mkewe, kwa jinsi mume alivyokuwa hakai nyumbani, alimshuku kuwa ana mwanamke wa nje. Akamfuatilia, akaingia kwa kishindo katika chumba cha chini cha nyumba ya rafiki, akamkuta mumewe na wenzake wameinama juu ya meza iliyojaa ramani. Akina mama, ni wangapi kati yetu wasingeshukuru kukuta ramani!

Basi Gygax alipotaka kuingiza majoka na mazimwi katika vita vyake, madukani hakukuwa na sanamu za kumfaa. Alichukua stegosauro wa plastiki, yule mjusi wa kale mwenye vibao mgongoni, akamgeuza kuwa joka. Kisha katika duka la vitu vya bei rahisi akapata mfuko wa wanyama wa ajabu waliotengenezwa Hong Kong, ambao hawakufanana na mnyama yeyote anayejulikana. Mmoja alikuwa na mdomo kama wa ndege na mwili mzito. Watu wakamwona ni nusu dubu nusu bundi. Mwingine alikuwa na mkia wenye ncha kama panga la feni, akawa mdudu anayekula chuma kwa kukitia kutu. Mwaka 1974 Gygax na mwenzake Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, nakala 1,000 za kwanza, zikapangwa kwa mkono nyumbani. Miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuyaingia mashimo yake ya kubuni, kabla mchezo haujachapishwa, walikuwa watoto wake wawili, Ernie na Elise. Nao wanyama wale wa mfuko wa Hong Kong wamo katika vitabu vya mchezo huo mpaka leo.

Hapo ndipo hofu ya akina mama ilipoingia, na hatutaki kuiruka, maana hata kwetu wapo waliosikia kwamba michezo hii ni mlango wa shetani. Mwaka 1982 kijana mmoja wa jimbo la Virginia alijiua. Mama yake, Patricia Pulling, aliamini kwamba mchezo huo ndio uliomwangamiza mwanawe, na mwaka 1983 akaanzisha chama cha kuupinga. Wakristo wengi wa Marekani waliungana naye, na wazazi wakawanyang'anya watoto vitabu na sanamu zao. Sisi hatumcheki mama aliyefiwa. Tumekaa na akina mama wa namna hiyo kwenye mabenchi ya hospitali, na tunajua jinsi moyo uliojeruhiwa unavyotafuta kitu cha kushika. Lakini watafiti waliolichunguza jambo hilo hawakuona kwamba mchezo ndio uletao kifo. Kijana anayejitenga na wenzake, asiyelala, asiyekula, anayegawa vitu vyake alivyokuwa akivipenda na kusema kwamba afadhali asingekuwapo, huyo anahitaji kuulizwa waziwazi kama anafikiri kujiua, na kupelekwa kwa mtaalamu upesi, awe anacheza au hachezi. Kumwuliza hakumtii wazo ambalo hakuwa nalo.

Sasa tazameni jambo hili. Katika miaka hiyohiyo ambapo wazazi walikuwa wakitafuta pepo ndani ya vitabu, sanamu nyingi za chuma zilizosimama juu ya meza zilikuwa zimeyeyushwa kwa mchanganyiko wenye madini ya risasi. Ni risasi ileile ya bunduki, na ya vizito vya nyavu za wavuvi. Ukiisugua kwa tupa ili kuilainisha inatoa vumbi, na vumbi hilo linabaki mezani na kwenye vidole vinavyoshika mkate. Watengenezaji wengi walianza kuiacha mwanzoni mwa miaka ya 1990 tu. Kwa hiyo mama akikuta kwenye mnada au katika boksi la mjomba sanamu za zamani nzito, laini, zenye rangi ya kijivu cha giza, zinazoacha alama kwenye karatasi kama penseli, asimpe mtoto.

Madini haya yana tabia mbaya ya kunyamaza. Mtoto haanguki siku hiyohiyo. Mwili wa mtoto mdogo hunyonya sehemu kubwa zaidi ya risasi aliyoimeza kuliko mwili wa mtu mzima, na madini hayo huharibu ubongo unaokua, hupunguza damu, huleta maumivu ya tumbo na choo kigumu. Mwalimu ataandika kwenye ripoti kwamba mtoto ni mzito wa kujifunza na hatulii darasani, na nyumbani atachapwa kwa ajili hiyo. Mifupa huihifadhi risasi kwa miaka mingi, na binti akija kubeba mimba, sehemu yake humfikia mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Kwa upande huu mnyama wa plastiki wa bei ndogo amemzidi askari wa chuma wa zamani. Lakini tusikimbilie kushangilia, kwa sababu risasi ilitiwa pia katika rangi za mafuta, hasa nyekundu, njano na chungwa, ili zing'ae na kukauka upesi. Marekani ilikataza rangi za nyumba zenye risasi mwaka 1978. Nchi nyingine zilichelewa sana. Kijana asiye na fedha ya rangi atafanya nini? Atakwenda nyuma ya nyumba, atafukua lile kopo lililobaki tulipopaka geti, na atampaka simba wake. Hilo ndilo kopo tunaloliogopa. Rangi inayofaa kazi hii ni ile ya kuchanganywa na maji, ya akriliki, ambayo kopo lake limeandikwa kwamba haina risasi. Inauzwa katika vichupa vidogo penye vifaa vya shule na vya wachoraji. Ukinunua nyeusi, nyeupe, ya kahawia, nyekundu, njano na buluu, nyingine zote zitapatikana kwa kuchanganya. Simba wa plastiki aliyekuja na rangi yake kutoka dukani naye asikwanguliwe wala kupigwa msasa mkavu. Apakwe juu ya rangi ileile.

Kopo la geti lina ubaya wa pili, na huu tumeuona wodini mara nyingi kuliko tunavyopenda kukumbuka. Rangi ya mafuta husafishwa kwa thina au mafuta ya taa. Kijana humimina kidogo katika chupa ya soda au kikombe cha chai, huosha brashi, kisha huitwa kwenda dukani. Mdogo wake wa miaka 2 anakuja, anaona chupa anayoijua, anakunywa. Mama akitokea, jambo la kwanza analofanya kwa mapenzi ni kumtia kidole kooni atapike, au kumnywesha maziwa mengi. Tafadhali, msifanye hivyo. Mafuta ya taa na thina huleta madhara makubwa yanapoingia kwenye mapafu, na kutapika ndiko kunakoyaingiza huko. Mvueni nguo zilizolowa, mfuteni ngozi kwa maji na sabuni, kisha mpelekeni hospitali pamoja na chupa yenyewe ili mganga aione. Mtoto anayekohoa, anayepumua kwa haraka au aliyelegea asisubiri hata kidogo. Lakini hata yule anayeonekana mzima apelekwe, kwa sababu kifua chaweza kubadilika baada ya saa kadhaa. Rangi ya maji haihitaji thina. Brashi huoshwa kwa maji ya bomba na sabuni, na hiyo peke yake yatosha kuichagua.

Haya, tukae mezani. Tumchukue tembo, maana katika mfuko tembo hakosekani, na katika historia ya vita ana kazi.

Kijana atataka kujua kama tembo huyo analingana na askari wake. Hesabu yake ni nyepesi, na mama aliyepima kitambaa ataiweza. Sanamu nyingi za mchezo huu zina kimo cha milimita 28 hivi. Ukichukua kwamba mtu ana sentimita 170, basi kila kitu kimepunguzwa karibu mara 60. Tembo wa mita 3 begani awe na milimita 50, farasi wa mita 1 na nusu awe na 25, simba asizidi 20. Wanyama wa mfuko hawana adabu ya vipimo. Utakuta twiga na kondoo wamelingana, na simba mkubwa kama nyati. Usiwatupe. Simba aliyezidi ukubwa ndiye zimwi, na bwana Gygax angempokea kwa mikono miwili.

Kisha tazameni masikio. Mwaka 217 kabla ya Kristo, huko Rafia karibu na Gaza, Mfalme Ptolemi wa Nne wa Misri alipigana na Mfalme Antioko wa Tatu wa Shamu. Mwandishi wa kale Polibio anasema Antioko alikuwa na tembo 102 wa Bara Hindi, na Ptolemi alikuwa na 73 wa Afrika, ambao ukoo wake uliwakamata katika nchi za pwani ya Bahari ya Shamu. Tembo wa Afrika wengi waliogopa harufu na mlio wa wale wa Bara Hindi wakakataa kusonga, lakini Ptolemi alishinda vita hivyohivyo. Basi tembo mwenye masikio mapana na mgongo uliobonyea katikati ni wa Ptolemi. Mwenye masikio madogo na mgongo uliopanda kama kilima ni wa Antioko. Mtoto aliyejifunza hayo kwa mfuko wa plastiki hatayasahau kwenye mtihani.

Mwosheni tembo kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, mkimsugua kwa mswaki wa zamani. Wanyama hawa hutoka kiwandani na mafuta mafuta, na rangi haishiki juu ya mafuta. Mguu uliopinda huzamishwa katika maji ya moto, ukilainika unanyoshwa, kisha unatiwa maji ya baridi ushike hapo; maji ya moto ayashike mtu mzima. Ule mstari wa plastiki uliobaki tumboni pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana hukatwa kwa kisu kikali kidogo, na kisu kinaelekezwa mbali na kidole gumba. Akijikata, bonyezeni jeraha kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunua funua kuchungulia.

Plastiki laini ina siri yake. Rangi ya kupuliza ya kopo mara nyingi hubaki inanata juu yake hata baada ya wiki, kwa sababu vilainisho vilivyomo ndani ya plastiki huingiliana na rangi. Pamoja na hayo mvuke wake ni mbaya kwa mtoto mwenye pumu. Tumieni brashi. Na kama plastiki ni ile inayoteleza kama kifuniko cha ndoo, mpakeni kwanza gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji kidogo, mwiache ikauke kabisa. Rangi itakayofuata itashika gundi. Jaribuni kwanza chini ya tumbo, ambako hakuna atakayeona.

Rangi ya kwanza iwe ya giza, mwili mzima, nyepesi kama maziwa. Mara mbili nyembamba ni bora kuliko mara moja nzito, maana rangi nzito hujaza mikunjo ya ngozi na tembo akawa kama kiazi. Halafu rangi yenyewe. Vitabu vya watoto vimetuzoesha tembo wa buluu buluu, lakini tembo huvaa rangi ya udongo alioogea. Wale wa Tsavo ni wekundu kama barabara yao. Changanyeni nyeusi na nyeupe, mwongeze kahawia mpaka ifanane na vumbi. Ikikauka, chukueni kahawia iliyozimuliwa sana kwa maji, mwimwagie kwa brashi mwili wote. Itateremka yenyewe kwenye mikunjo na kukaa humo. Hatua ya mwisho ndiyo inayofurahisha watoto. Brashi ngumu huchovywa katika kijivu cheupe, hufutwa kwenye karatasi mpaka ionekane haina kitu, kisha hupitishwa kwa haraka juu ya mgongo na masikio. Mikunjo yote hutokea ghafla kana kwamba imechongwa upya. Katika kundi la watoto tunalolisaidia kanisani siku za Jumamosi, wasichana ndio walioishika hatua hii kwanza, pengine kwa sababu wamezoea mkono mwepesi wa kusuka. Pembe zipakwe nyeupe yenye tone la njano. Jicho ni nukta moja, na huwekwa kwa ncha ya kijiti cha meno.

Brashi isilambwe. Wapakaji wa sanamu wengi wana tabia ya kuinyoosha ncha kwa midomo, na watoto huiga upesi. Kuanzia mwaka 1917 huko New Jersey, Marekani, mabinti waliajiriwa kupaka namba za saa kwa rangi yenye radiamu ili zing'ae gizani, nao walifundishwa kazini kuchonga ncha ya brashi kwa midomo. Meno yao yaling'oka, mifupa ya taya ikaoza, na wengi walikufa wakiwa vijana. Watano walimpeleka mwajiri mahakamani mwaka 1927, wakalipwa mwaka uliofuata. Rangi ya vichupa vyetu haina radiamu, lakini haikutengenezwa iliwe. Ncha hunyooshwa kwa kuizungusha kwenye kitambaa chenye maji. Vivyo hivyo, meza ya rangi isiwe meza ya chai saa hiyohiyo, na kikombe cha kuoshea brashi kitiwe alama ya msalaba mwekundu mkubwa.

Chini ya miguu tembo huhitaji kitako asianguke. Kata duara katika boksi gumu, upake gundi ya mbao, nyunyiza mchanga uliochekechwa. Wengine hutumia gundi ile ya haraka inayokauka kwa sekunde chache. Vidole vikigandana kwa gundi hiyo msivivute kwa nguvu. Lowekeni katika maji ya vuguvugu yenye sabuni, mviachanishe polepole kwa kuvizungusha. Ikigusa kope zikashikana, msizifungue kwa nguvu. Osheni kwa maji ya vuguvugu na mwende hospitali.

Liko swali la baba mmoja ambalo hatukutaka kulikwepa: je, tunawafundisha watoto wetu kupenda vita? Mwandishi Mwingereza H. G. Wells, aliyetunga kanuni za vita vya sanamu kwa ajili ya nyumba mwaka 1913 (akiwalenga wavulana, na wasichana wachache aliowaona wanastahili, tumemsamehe), alimaliza kitabu chake kwa kusema kwamba mtu akishaona jinsi vita vidogo vya mezani vinavyovurugika, ataelewa vita vikubwa ni upumbavu wa namna gani. Mwaka uliofuata Ulaya iliingia vitani kwelikweli, kwa hiyo hatuwezi kusema alisikilizwa. Sisi tunaona inategemea sana mtu aliyeketi naye. Tumesikia watoto wakiuliza, katikati ya mchezo, wale waliopinduliwa wamekwenda wapi. Swali hilo linahitaji mtu mzima karibu, ambaye hatasema tu "wamekufa, endelea".

Na kwa mtoto mgonjwa kazi hii ni dawa ya muda. Robert Louis Stevenson, mwandishi wa hadithi ya kisiwa chenye hazina, alikuwa mgonjwa wa kifua. Alipelekwa Davos huko Uswisi kupumua hewa ya mlimani, na katika majira ya baridi ya 1881 kuamkia 1882 alicheza na mtoto wake wa kambo, Lloyd Osbourne, vita vya askari wadogo kwenye sakafu ya dari ya nyumba, wakichora ramani kwa chaki. Mtoto aliyevunjika mguu akafungwa plasta wiki 6 hawezi kukimbia, na kila asubuhi anaamka na hasira mpya. Mpeni sinia lenye kingo, gazeti la kutandika, wanyama watatu tu kwa siku na rangi mbili. Wanyama 20 kwa mara moja watamchosha kabla hajamaliza hata mmoja. Mikono hufanya kazi, shingo hupumzishwa kila nusu saa, na dirisha liwe wazi hata kama rangi haina harufu.

Tembo akishakauka apakwe vanishi ya maji isiyong'aa, mara moja, alale usiku kucha mbali na vumbi. Tangu hapo yeye si kitu cha mtoto mdogo tena, hata kama alinunuliwa kwa ajili yake, kwa kuwa rangi hubanduka mdomoni. Kitu chochote kinachopenya ndani ya kile kikaratasi cha katikati ya toileti pepa chaweza kumkaba mtoto aliye chini ya miaka 3, na miongoni mwa wanyama hawa wako wengi wanaopenya, pamoja na dadu zenyewe. Mwenye jeshi awahesabu kabla ya kulala. Kama mezani walikuwa 12, katika boksi wawe 12, na boksi likae juu ya kabati, upande ule ambao hauna kiti cha kupandia.